Shangazi, niweke ahadi ya maisha kwa yoga ya Kundalini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 34, na huu ni mwaka wa tisa niko Hamburg. Kazi yangu ni kutunza wazee, wengi wao wameshikwa na maradhi ya kusahau. Niliolewa huku huku, ndoa ikavunjika, na ilipovunjika usingizi nao ukaondoka. Nikilala, ni kwa saa mbili tu. Zinazobaki natazama dari mpaka simu inilie niende zamu.

Mwenzangu mmoja wa kazini akanichukua kwenye darasa la yoga ya Kundalini. Nilikuta watu wamevaa nyeupe tupu, wamekalia ngozi za kondoo, wengine wamejifunga vilemba. Tulinyoosha migongo, tukapumua, na mwishoni tukafumba macho tukaimba Sa Ta Na Ma, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja baada ya kingine, kwanza kwa sauti, kisha kwa kunong'ona, kisha moyoni. Usiku ule nililala mpaka asubuhi. Nilikuwa nimekaa miezi saba bila usingizi kama ule.

Tangu hapo ni miaka minne. Nilianza na siku 40 mfululizo bila kukosa hata moja, nikafanya 120, kisha nikaanza safari ya siku 1000. Naamka saa kumi alfajiri, najimwagia maji baridi, nakaa kwenye mkeka, nikimaliza naswali. Swala sijaiacha, Shangazi, naomba uniamini. Hasira zimepungua, nimeacha sigara ambazo hata mama hajui kwamba nilikuwa navuta, na wazee wangu kazini wananitulia.

Siku ya 612 sikufanya. Bibi mmoja ninayemtunza alikuwa anakata roho, hana ndugu wa kumshika mkono, nikabaki naye hata zamu yangu ilipokwisha, mpaka kukapambazuka. Nilipomweleza mwalimu wangu alinikumbatia, akasema nimefanya jema, lakini hesabu imekatika na lazima nirudi siku ya kwanza. Nimerudi. Leo nimemaliza siku ya 19 na moyo wangu ni mzito.

Sasa mwalimu anasema niko tayari kwa hatua kubwa: nijiunge na mafunzo ya ualimu ya saa 220, nipokee jina la kiroho, na niahidi kwamba hii ndiyo njia yangu mpaka kufa. Ada itamaliza akiba niliyoiweka kwa ajili ya paa la nyumba ya mama. Hata hivyo nilitaka sana kusema ndiyo. Kisha nikasoma habari za Yogi Bhajan, aliyeanzisha mafundisho haya, na wanawake waliomtuhumu. Picha yake iko ukutani pale darasani. Siku hizi nikifumba macho naiona. Mwalimu anasema mafundisho ni makubwa kuliko mtu, na kwamba shaka yangu ni nafsi inayokataa kujisalimisha.

Na kuna mama. Mwezi uliopita alipiga simu mapema, nikaipokea bila kujua huku naimba. Akasikia "Sa-ta-na, Sa-ta-na", akakata. Alipopiga tena alikuwa analia. Kaka yangu akatafuta maana ya Kundalini kwenye simu yake, akamwambia ni nyoka anayeamshwa mgongoni mwa mtu. Mama anasema alinizaa kwa Bismillahi na sasa nimeingia dini ya nyoka.

Jambo la mwisho sijui kama lina uzito. Tangu nilipoongezewa pumzi ya moto dakika 31 kila alfajiri, napata joto linalopanda mgongoni, na mwili unatetemeka wenyewe. Wiki iliyopita sikulala siku tatu. Mwalimu amefurahi, anasema nishati inaamka. Kazini walipotupima, presha yangu ilikuwa juu.

Niahidi, au niache kila kitu?

Binti wa Tanga, Hamburg

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na hilo jambo lako la mwisho, maana ndilo lililonitia hofu. Pumzi ya moto iache leo. Hiyo ni pumzi ya haraka ya puani, tumbo likivutwa na kuachiwa mara mbili au tatu kwa sekunde, na walimu wa yoga hii hii hufundishwa kwamba haimfai mjamzito, mwenye presha, mwenye kifafa wala mgonjwa wa moyo. Nenda kwa daktari wako wiki hii. Mweleze presha, mweleze usingizi, na yoga usimfiche, aijue hiyo pumzi inafanywaje na kwa dakika ngapi. Wewe ulipelekwa kwenye mkeka na kukosa usingizi. Mkeka ukianza kukunyima usingizi uleule uliokurudishia, hiyo ni habari mbaya, hata kama mwalimu anaifurahia. Zikirudi tena siku tatu kama zile, au ukaanza kusikia sauti, au ukajiona ghafla una uwezo ambao wenzako hawana, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nakwambia hivi kwa sababu kuna mtu aliyepita hapo kabla yako. Gopi Krishna alikuwa karani wa serikali huko Kashmir, mtu wa mshahara mdogo, mwenye mke na watoto. Alikaa kutafakari kila alfajiri kwa miaka 17. Desemba 1937, mjini Jammu, akiwa na miaka 34 kama wewe, alihisi mngurumo na mwanga vikipanda uti wa mgongo mpaka kichwani. Ulikuwa mwanzo wa mateso: usingizi ulimtoka, chakula kilimshinda, joto lilimwunguza ndani, akaamini anapatwa na wazimu. Ilimchukua muda mrefu kusimama tena. Baadaye aliliandika na kulichunguza jambo hili mpaka alipofariki mwaka 1984, na hakuacha kuwaonya watu juu ya hatari zake. Mwalimu anayesikia kwamba hulali siku tatu na akafurahi hajazisoma habari hizo, au amezisoma akazipita.

Sasa nadhiri. Wewe umeandika "ahadi", lakini unachoombwa ni nadhiri, na mtoto wa Tanga anajua tofauti yake. Ahadi waweza kumwomba mwenzako akusamehe. Nadhiri ukishaitamka inakudai. Jibu langu ni kwamba usiiweke. Endelea na kukaa kwako alfajiri, hata maisha yako yote ukijaliwa, ila usimwapie mtu, wala shirika, wala picha ya ukutani.

Mkeka huo naujua. Nilipoishi Toronto niliukalia miaka sita, na nyeupe nilivaa. Nilichobaki nacho ni kidogo: kuketi kabla ya kupambazuka, mgongo wima, pumzi ndefu ya taratibu, dakika ishirini. Mwaka huu ni wa kumi na nne na hakuna aliyeniapisha. Kuna miezi niliyoshindwa, ya msiba na ya ugonjwa, nikarudi. Ningekuwa nimeapa, nadhani siku ya kwanza niliyoshindwa ningeacha moja kwa moja kwa aibu.

Kwetu pwani mambo ya kushika njia ya kiroho chini ya mwalimu si mageni. Bibi zetu walikuwa na uradi wao, wengine walikuwa wanazawiya, na mtu hakuchukua tarika, yaani njia ya Kisufi, kwa shehe kabla ya kuuliza silsila: shehe huyu kapokea kwa nani, na huyo kapokea kwa nani. Kuuliza hakukuhesabiwa ukosefu wa adabu. Basi uliza na hapa.

Harbhajan Singh Puri, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Yogi Bhajan, alikuwa ofisa wa forodha nchini India. Alifika Toronto mwaka 1968, akaenda Los Angeles, na mwaka 1969 likaanzishwa shirika la 3HO, la kueneza mafundisho yake. Aliwaambia wanafunzi wake, wengi wao vijana wa Kimarekani waliochoshwa na dawa za kulevya, kwamba yoga hii ilifichwa kwa maelfu ya miaka na kwamba yeye ndiye wa kwanza kuifundisha hadharani. Haikuwa hivyo. Swami Sivananda wa Rishikesh aliandika juu ya yoga ya Kundalini katika miaka ya 1930, na maandiko ya zamani ya Kihindi kuhusu nguvu ya Kundalini yalitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1919. Mtafiti Philip Deslippe alichapisha mwaka 2012 uchunguzi unaoonyesha kwamba sehemu kubwa ya mafundisho ya Yogi Bhajan yalitokana na walimu wawili wa Delhi: Swami Dhirendra Brahmachari, aliyemfunza yoga, na Maharaj Virsa Singh, aliyemfuata kwa ibada. Majina yao yalififia, jina la Yogi Bhajan likabaki peke yake. Silsila ilishonwa upya baadaye.

Na habari ulizosoma ni za kweli kwa maana hii: mwaka 2020 mwanamke aliyekuwa katibu wake kwa miaka mingi alichapisha kumbukumbu zake, wengine wakajitokeza, na uongozi wa taasisi alizoziacha wenyewe ukaagiza uchunguzi wa watu wa nje. Ripoti ya Agosti 2020 ilihitimisha kwamba kuna uwezekano mkubwa kuliko kinyume chake kwamba aliwadhulumu wanawake kingono na kutumia vibaya mamlaka yake. Alikwishafariki mwaka 2004, hakuna mahakama iliyomsikiliza. Lakini wapo pia watu wazima leo wanaosimulia jinsi walivyotenganishwa na wazazi wao wakiwa watoto wadogo, wakapelekwa shule za bweni India, kwa sababu Yogi Bhajan alisema mapenzi ya mzazi yanamdhoofisha mtoto.

Kwa hiyo shaka yako isikutie hatia. Umesoma jambo zito, umeumia kwa ajili ya wanawake usiowajua, na macho yako yamekataa kufumba mbele ya picha ya mtu yule. Hiyo ni akili na huruma vinafanya kazi pamoja. Mwalimu anayeliita swali lako ugonjwa wa nafsi amejijengea ukuta asiweze kuulizwa lolote. Huenda ni mtu mwema; mimi simhukumu, wengi hurudia tu walichofundishwa. Ila kwa mtu wa namna hiyo hutoi neno la maisha yako.

Je, kilichokuponya kilikuwa uongo? Hapana. Wewe unatunza wazee wenye maradhi ya kusahau, kwa hiyo hili litakugusa. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, timu ya daktari Helen Lavretsky iliwachukua walezi 39 waliokuwa wakiwahudumia ndugu zao wenye maradhi hayo, walezi waliozidiwa na huzuni. Kundi moja lilifanya Sa Ta Na Ma hiyo hiyo dakika 12 kwa siku, kwa wiki 8. Jingine lilisikiliza muziki wa kutuliza. Waliokuwa wakiimba walipata nafuu zaidi ya huzuni, na akili zao zilichangamka zaidi. Ni utafiti mdogo, usiujengee ghorofa. Lakini tazama walichohitaji watu wale: dakika 12. Hawakuvaa kilemba, hawakubadili jina, hawakulipa ada ya ualimu. Usingizi wako wa usiku wa kwanza ulikuja kabla hujajua jina la mtu yeyote pale.

Maneno yenyewe sasa, na hapa sitaki kukupaka mafuta. Utaambiwa ni sauti tu, hazina dini. Zina maana. Sa Ta Na Ma hufafanuliwa kuwa ni mwanzo wa vyote, uhai, mauti, na kuzaliwa tena. Ong Namo Guru Dev Namo, ya kufungulia darasa, ni kumwinamia Muumba na kumwinamia mwalimu wa kiungu. Japji, wanayoisoma wale wanaokutana alfajiri, ni sala ya Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, na ni maandiko matakatifu ya Masingasinga, wale wale tunaowajua Afrika Mashariki tangu ujenzi wa reli, wenye hekalu la Makindu ambako msafiri yeyote hulishwa bila kuulizwa dini. Masingasinga wengi hawaitambui yoga hii kuwa yao, na katika maandiko yao kuna mjadala mrefu ambamo Guru Nanak anawajibu mayogi na kuwapinga.

Kwa hiyo ukiyatamka, ujue unachokitamka. Mimi si mwanachuoni na sitakutolea fatwa kwenye gazeti. Mtafute unayemwamini, mwenye elimu na asiye na papara, mwekee maana hizo mezani kama nilivyokuwekea, usimwambie "ni mazoezi tu". Mpaka utakapopata jibu linalokutuliza, kaa na pumzi na ukimya. Vidole vyako vinajua kuhesabu tangu utotoni. Alfajiri kabla ya swala havitakosa cha kuhesabia. Jina nalo liache. Lako ulipewa na wazazi siku ya akika, na hujaniandikia popote kwamba limekuchosha.

Hesabu yako ya siku. Wanasema 40 huvunja mazoea, 90 hupanda mengine, 120 huyathibitisha, 1000 hukupa umilisi, na ukikosa moja unarudi mwanzo. Kwa anayeanza, sheria hiyo inasaidia, inamzuia kujidanganya. Wewe ulikwishafika mbali. Aliyeumwa Ramadhani hulipa siku alizokula, haambiwi afunge mwezi wote upya. Ulifanya siku 611, umefanya 19 tangu hapo: ni 630. Andika hiyo kwenye daftari lako. Ile alfajiri ya bibi yako iache wazi, usiihesabu wala usiifute, iandike jina lake.

Na saa kumi alfajiri isikutawale. Wanaofuata mafundisho hayo hupenda saa mbili na nusu kabla ya jua kuchomoza. Tanga jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, mtu anaweza kuishi hivyo. Hamburg mwezi wa Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi imepita, na Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ukifuata jua la huko utakuwa mkekani saa nane za usiku, na zamu ya jioni ndiyo kwanza umetoka. Ukitoka zamu ya jioni, lala. Kaa ukiamka. Wewe unawainua wazee vitandani. Ukiwa hujalala utamwangusha mtu.

Nimebaki na mama. Usimwambie kwamba kasikia vibaya, maana hakusikia vibaya, silabi ndizo hizo. Mwambie: mama, yalikuwa maneno manne ya Kihindi, maana yake hii na hii, na nimeyasimamisha mpaka niulize. Mwambie kuhusu nyoka pia, asiendelee kupata habari zako kwa kaka. Kundalini kwa Kisanskriti ni kitu kilichojiviringa, na wazee wa Kihindi waliochora nguvu wanayoamini imelala chini ya uti wa mgongo waliichora kwa umbo la nyoka aliyejizungusha mara tatu na nusu. Ni mfano. Hakuna nyoka aliyeingia mwilini mwako, na hukumsujudia yeyote. Lakini usimwambie ni kitu kitupu, kwa sababu wenyewe wanakiheshimu, na kwa sababu ungemdanganya.

Kisha mweleze lile ulilomficha. Mama yako anajua tu kwamba binti yake yuko Ulaya na anaimba maneno ya kutisha alfajiri. Hajui habari za miezi saba bila usingizi. Hajui jinsi talaka ilivyokufanya, wala sigara. Akilia, alie kwa hilo. Nina hakika atakuuliza kwa nini hukumwambia, na hapo mtakuwa na mazungumzo ambayo nadhani mmeyakwepa tangu ulipopanda ndege.

Mwalimu wako mjibu kwa heshima na kwa maneno machache: sijiungi na mafunzo, sichukui jina, pumzi ya moto daktari ndiye atakayeamua. Kama darasa la Jumanne au lolote lile bado linakufaa, na wakikuruhusu ukae kimya wanapoimba, kaa. Wakikataa, chumba chako kinatosha.

Pesa ya paa itume mwezi huu. Bati za Tanga haziiwezi chumvi ya bahari, na masika hayangoji.